Afya ya Wanaume Waliopita Miaka 40

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati ilipotutaka tuseme maneno machache katika Mkutano huu, tulijaribu kukataa. Si kwamba tulikosa la kusema, bali jambo lenyewe lahusu miili ya watu waliotuzidi umri, na katika malezi yetu si desturi ya kijana kumwuliza babaye habari za mwili wake. Lakini mzee mmoja wa Kamati alituambia, "Wewe ndiwe unayeandika majina yetu tukifa. Basi tuambie neno moja tungali hai." Hatukuwa na jibu. Kwa hiyo tumesimama, nasi twawaombeni radhi tangu mwanzo kwa kila neno litakalosikika kama ukosefu wa adabu.

Chama chetu kina madaftari mawili makubwa. La kwanza ni la wanachama na ada zao. La pili ni la michango ya mazishi. Hili la pili ndilo lililochakaa zaidi. Ndani yake twaandika jina la marehemu, kijiji chake, gharama ya gari la kuchukua maiti, bei ya jeneza, na jina la kila aliyetoa pamoja na kiasi alichotoa. Wako watu wanaotucheka wakisema ya kuwa twapenda mazishi kuliko uhai. Hatukubaliani nao. Kumrudisha mtu kwao akalazwe karibu na wazee wake ni heshima, na Chama hiki kilianzishwa ili mtu wetu asizikwe mjini kama mtu asiye na wenyewe.

Lakini tulipokuwa tukinakili hesabu kwa ajili ya kitabu hiki, tulizifunua kurasa za nyuma, tukaona jambo lililotufanya tuweke kalamu chini. Wazee wa umri mkubwa sana ni wachache katika daftari lile. Wengi ni wanaume wa makamo, watu wa miaka 45, 50 na 55, wenye kazi zao na watoto wangali shuleni. Na mahali pa maelezo, maneno ni yale yale yanayorudi: "Alianguka ghafula." "Aliugua siku 3." "Presha." Mtu akisoma hudhani ya kuwa mauti yaliwarukia watu hawa kutoka mwituni. Je, ni kweli kwamba ilikuwa ghafula?

Wengi wenu mwamkumbuka mweka hazina wetu wa zamani. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa jamaa zake wamo humu ukumbini. Alikuwa mtu wa hesabu. Shilingi moja ikipotea hakulala. Aliambiwa na mganga wa dispensari ya kazini kwao ya kuwa presha yake iko juu, akapewa vidonge vya mwezi mmoja. Alivinywa siku kadhaa, akajiona mzima, akaviacha. Miaka 2 baadaye alianguka bafuni alfajiri. Upande wa kulia ukapooza, na ulimi ukafungwa. Hakuzidi majuma mawili. Tulipokwenda kuchukua vitabu vya Chama nyumbani kwake, mkewe alitutolea pia koti lake la kazi, akatuonyesha mfukoni. Vile vidonge vilikuwa bado vimo katika karatasi yake, vimebaki 11.

Ndugu zetu, mtu aliyetuhesabia senti zetu zote hakuna aliyemhesabia vidonge vyake. Sisi tulioketi naye meza moja kila mwezi hatukumwuliza hata mara moja. Siku ya mazishi yake tulichanga vizuri sana.

Baada ya kupewa kazi hii tuliona si haki kuwahimiza wengine hali sisi wenyewe hatujapimwa tangu siku tulipoajiriwa. Tukaenda kituo cha afya kilicho karibu na tunapokaa. Benchi lilikuwa limejaa akina mama na watoto. Mwanamume alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amemleta mamaye. Tuliketi pembeni kama mtu aliyepotea njia. Muuguzi alitufunga mkanda wa mashine mkononi, akapima, akangoja kidogo, akapima tena: 152 kwa 98. Tukamwambia kwamba ni kwa sababu tumetembea kwa haraka. Alicheka, akatuambia turudi siku nyingine bila haraka. Tulirudi mara mbili, na mara zote mbili namba ya kwanza haikushuka chini ya 140.

Sisi hatujatimiza miaka 40. Kitambi hatuna, wala kichwa hakituumi. Tusingepewa hotuba hii, tusingejua. Namba hizi twazitaja hadharani kwa kuwa tukizificha, maneno yetu yote ya leo yatakuwa mlio wa debe tupu.

Sasa na tujiulize: kwa nini sisi wanaume hatuendi kupimwa?

Sababu ya kwanza ni malezi. Mtoto wa kiume akijikwaa huambiwa, "Usilie, wewe ni mwanamume." Ni mafundisho mema, nayo yaliwafaa babu zetu mbele ya simba na wakati wa njaa. Lakini simba humwogopa mtu shujaa. Presha haimwogopi mtu. Ushujaa wa kunyamaza hauushindi ugonjwa ambao wenyewe umenyamaza.

Sababu ya pili ni haya. Mwanamume hukubali kumvulia daktari kofia, lakini si nguo, hasa daktari akiwa msichana wa umri wa binti yake. Waswahili wamekwisha kutuonya kwa maneno mawili: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humfichua. Katika ukumbi huu kilio hicho twakijua sana.

Sababu ya tatu ni hofu ya habari mbaya. Mtu husema moyoni, "Nisipopimwa, sina ugonjwa." Sisi tulio makarani twajua ya kuwa barua isiyofunguliwa haifuti deni. Huongeza faida juu yake tu.

Sababu ya nne ni kazi na fedha. Kibarua akikaa siku nzima katika foleni, siku ile hana ujira, na watoto hawatakula maneno ya muuguzi. Hiki si kisingizio. Ni kweli tupu, nasi tutairudia mwishoni.

Tazameni upande wa mama zetu. Mwanamke akichukua mimba hupimwa uzito, hupimwa damu, na hufungwa mkanda ule wa presha kila anapokwenda kliniki. Aliyezaa watoto 4 amekwisha kuzoea jambo hili kabla ya kufika miaka 40. Mwanamume aweza kutoka shuleni hata kustaafu bila kuguswa na tabibu yeyote, ila siku ya kuvunjika mguu. Mkirudi nyumbani kwa likizo, hesabuni boma kwa boma: wajane ni wangapi, na wagane ni wangapi?

Wala si kweli kwamba hatujui maana ya kinga. Ng'ombe hatungoji alale chini ndipo tumpeleke joshoni. Mwenye gari hubadilisha oili kabla injini haijaanza kugonga. Heshima tunayompa ng'ombe na gari ndiyo tunayoomba mwenye ng'ombe na mwenye gari ajipe mwenyewe.

Wako wasemao ya kuwa presha ni ugonjwa wa Wazungu, na wengine husema ni kazi ya wachawi. Habari za nchi yetu zatufundisha vingine. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika katika gazeti la matabibu liitwalo The Lancet habari za watu wapatao 1,000 aliowapima presha huko Kavirondo ya Kusini, pande za Kisii. Aliona ya kuwa presha ya watu wale haikupanda kwa kadiri ya umri kama ilivyokuwa kwao Ulaya. Baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Watu hao walikuwa babu wa wananchi wa leo. Damu yao ndiyo iliyo katika mishipa ya wajukuu wao. Basi ni nini kilichobadilika?

Jibu lilitafutwa katika miaka ya 1980. Matabibu waliwafuata Waluo waliotoka vijiji vya kaskazini ya Ziwa Victoria kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1990. Waliofika mjini presha yao ilikuwa juu kuliko ya wale wa nyumbani, tena si baada ya miaka mingi, bali katika miezi ya kwanza. Katika mkojo wao chumvi ilikuwa imezidi, na madini ya potasiamu, tunayoyapata katika mboga, matunda na viazi, yalikuwa yamepungua. Uzito nao ulikuwa umeongezeka.

Habari hiyo ni habari yetu sisi sote tuliopanda basi tukiwa na sanduku moja. Kijijini tulikula mboga za shamba na tulitembea maili nyingi bila kuhesabu. Mjini twakaa kitini tangu asubuhi, twala mkate na chipsi, na nyama choma twaichovya katika kilima cha chumvi kilichomwagwa juu ya ubao. Jioni twaongeza bia na sigara ili tusahau kodi ya nyumba. Shirika la Afya Ulimwenguni latuambia ya kuwa mtu mzima asile chumvi kupita gramu 5 kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja. Tena wazee wetu waliobaki nyumbani wasijidhani wamesalimika, maana mji umewafuata hata kwenye duka la kijijini. Serikali ilipowapima watu wazima wa Kenya mwaka 2015, karibu mtu 1 katika kila 4 alionekana ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajapimwa presha tangu kuzaliwa.

Yako magonjwa matatu ambayo kila mwanamume aliyepita miaka 40 yampasa ayajue.

La kwanza ni hiyo presha. Mashine hutoa namba mbili. Ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unapopiga. Ya pili ni nguvu yake moyo unapopumzika. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, na ikabaki hivyo ikipimwa siku mbalimbali, mtu huyo ana presha. Haiumi. Wengi hungoja kichwa kiwaume, na kichwa hakisemi neno. Wakati huo moyo unachoka, figo zinaharibika polepole, na mishipa ya ubongo inangoja siku ya kuziba au kupasuka.

La pili ni kisukari. Dalili zake ni kiu isiyokwisha, mkojo mwingi, kukonda bila sababu, miguu kufa ganzi, na kidonda kisichopona. Lakini chaweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila dalili yoyote. Kipimo chake ni tone moja la damu ya kidole asubuhi kabla ya kula. Namba ikiwa 7 au zaidi, na ikawa hivyo kipimo kikirudiwa, ni kisukari.

La tatu twaomba radhi tena kabla ya kulitaja. Chini ya kibofu cha mkojo mwanamume ana tezi ndogo iitwayo tezi dume, nayo huelekea kukua kadiri umri unavyokwenda. Mzee huanza kuamka mara 3 au 4 usiku, mkojo hutoka kidogo kidogo, naye hudhani ni baridi. Mara nyingi ni kukua kwa kawaida tu, na dawa ipo. Lakini saratani ya tezi hii ndiyo inayowapata wanaume wa Kenya kuliko saratani nyingine zote, nayo mwanzoni mara nyingi haina dalili. Wengi hufika hospitali mgongo ukiwauma, na wakati huo imekwisha kuingia mifupani. Aliyepita miaka 50 azungumze na daktari habari za kipimo cha damu kiitwacho PSA. Na yule ambaye babaye au nduguye aliugua, asingoje umri huo. Kile kipimo cha kidole ambacho watu hukifanyia mzaha katika vilabu vya pombe huchukua muda mfupi sana, nacho hakimpunguzii mtu uanaume wake. Kinachompunguzia ni kufa akiwa na watoto wadogo.

Neno moja juu ya dawa, kwa ajili ya mweka hazina wetu. Dawa ya malaria mtu huimaliza, akapona, akaisahau. Dawa ya presha si hivyo. Hiyo ni kama ada ya Chama: ukilipa mwezi mmoja ukaacha, jina lako litafutwa. Mtu akijiona mzima, ni dawa inayofanya kazi. Si ishara ya kuiacha.

Wako waume wanaoziacha dawa kwa siri kwa sababu wamesikia ya kuwa humwondolea mtu nguvu zake nyumbani. Na tuseme wazi. Presha na kisukari vyenyewe ndivyo viharibuvyo mishipa inayompa mwanamume nguvu hizo. Ikiwa kidonge fulani chamletea mtu taabu, amwambie daktari. Vipo vingine vya kubadilishana navyo. Asimwendee mwuza dawa wa stendi ya basi mwenye chupa zisizo na jina. Na bora zaidi, amwambie mkewe. Wake zetu huyaona magonjwa yetu kabla yetu, lakini hunyamaza kwa kuwa tumewafundisha kunyamaza.

Bwana Mwenyekiti, hotuba isiyo na azimio ni upepo. Kwa idhini yako twaleta mambo manne mbele ya Mkutano huu.

Kwanza, Chama kinunue mashine moja ya kupimia presha, ile ya kufungwa mkononi juu ya kiwiko, nayo iletwe katika kila mkutano wa mwezi. Kila atakayependa aketi kimya dakika 5, kisha apimwe kabla ya michango kuanza. Viongozi wapimwe kwanza, ili asiwepo mtu wa kusema ya kuwa hili ni jambo la wadogo.

Pili, namba ya mtu iandikwe katika kadi yake mwenyewe, akae nayo. Isisomwe hadharani, wala karani asiwe na nakala. Sisi tumetaja yetu kwa hiari yetu, hatumlazimishi mtu.

Tatu, atakayeonekana yuko juu apewe mwenzake wa kufuatana naye hospitalini, na huyo mwenzake amwulize kila mwezi habari za vidonge vyake. Kwa kibarua atakayepoteza ujira wa siku ile, Kamati ipewe ruhusa ya kumsaidia kwa kiasi kidogo.

Nne, kila mwanachama ajiandikishe katika bima ya afya ya Serikali. NHIF iliondoka, na tangu Oktoba 2024 mahali pake pameshikwa na SHA. Asiyejua namna ya kujiandikisha atuone baada ya mkutano. Na wazee wa nyumbani wajue ya kuwa mnamo Septemba 2023 Serikali ilitoa mifuko ya vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na ndani yake mna mashine ya presha na kipimo cha sukari. Mhudumu akipita bomani, asionyeshwe akina mama na watoto tu hali mzee amejificha nyuma ya ghala.

Twajua ya kuwa wengine watasema, "Fedha za mazishi ni amana, zisiguswe." Nasi twasema vivyo hivyo. Hatuombi kugusa hata senti moja ya marehemu. Twaomba tu Mkutano ukubali ya kuwa mtu aliye hai naye ni mwanachama. Tumekuwa hodari wa kumlaki mtu wetu mlangoni pa chumba cha maiti. Hatujajaribu bado kumlaki mlangoni pa dispensari, na safari hiyo ni fupi zaidi, na nauli yake ni ndogo.

Wazee wetu, ninyi ndinyi mnaojua mipaka ya mashamba, na nani alimwoa nani, na deni gani lilikwisha kulipwa. Mkiondoka kabla ya wakati, mwaondoka na maktaba yetu. Watoto wetu hawataki majeneza mazuri kutoka kwenu. Wanataka kuwauliza maneno jioni, nanyi mwajibu.

Muuguzi mmoja amekubali kufika leo, naye yuko nyuma ya ukumbi pamoja na mashine yake. Kiti cha kwanza tutakikalia sisi. Cha pili tumemwachia Bwana Mwenyekiti, kama atatusamehe kwa kumtaja kabla ya kumwuliza.

Tumemaliza.